Ndugu yangu ni mlevi, nami ndiye ninayemlipia kodi: nifanyeje?

Dada wa Umoja
Hamjambo, wanajukwaa. Ndugu yangu mdogo, fundi wa umeme, amepanga chumba Kayole, hapa Nairobi. Mshahara wake wote huishia kwenye pombe, kwa hiyo mimi humlipia kodi, humtumia pesa za chakula kwa M-Pesa, na asipoamka kwenda kazini hunisihi nimpigie msimamizi wake simu niseme ana malaria. Mama yetu, aliye Machakos, ameniusia nisimwache. Je, huku ni kumsaidia, au ninamrahisishia ulevi?

Mwalimu Mstaafu
Dada, pole sana. Jiulize kila tendo lako linamwondolea nini. Ukimdanganyia msimamizi, unamwondolea lile onyo ambalo pengine lingemshtua, na jina lako linaingia katika uongo usio wako. Pesa za simu nazo zina jambo ambalo wengi hawalitazami: akiwa na deni la Fuliza, yaani mkopo wa M-Pesa wa kulipia salio lisipotosha, chochote unachomtumia hukatwa kwanza kulipa deni hilo, kisha nafasi yake ya kukopa hufunguka tena, hivyo unalipia chupa za juzi na kumwezesha kukopa za leo. Mnunulie unga na mboga mwenyewe.

Mpangaji wa Kayole
Naafiki, ila kodi usiikate kwa ghafla. Mlevi aliyefungiwa mlango hulala penye pombe. Endelea kumlipa mwenye nyumba moja kwa moja, mradi ndugu yako akubali kutafuta matibabu, na sharti hilo mwambie asubuhi akiwa hajanywa.

Muuguzi
Naomba sana mnisikilize hapa. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku asilazimishwe kuacha akiwa peke yake chumbani, kwa maana katika siku 2 au 3 za kwanza anaweza kutetemeka, kupata degedege au kuchanganyikiwa, na hali hiyo huweza kuua. Aanze kwa daktari. Hospitali ya Mathari, kwenye barabara ya Thika, hutibu uraibu. NACADA, mamlaka ya serikali ya Kenya inayopambana na ulevi na dawa za kulevya, nao wana nambari ya simu ya bure, 1192, na jamaa wa mlevi pia huruhusiwa kupiga. Nawe dada, watafute Al-Anon, vikundi vya jamaa za walevi vilivyoanzishwa Marekani mwaka 1951, ambavyo hufundisha kwamba wewe hukusababisha ulevi wake, huwezi kuutawala, wala huwezi kuuponya.

Dada wa Umoja
Asanteni kwa dhati. Msimamizi sitampigia tena, na leo jioni nitapiga 1192. Kinachonitatiza sasa ni mama: nikiacha kutuma pesa, ndugu yangu atamlilia, naye atauza kuku wake amtumie.

Mwalimu Mstaafu
Basi mama aelezwe kabla ndugu yako hajamlilia. Nenda Machakos mwenyewe, usimwambie kwa simu, na ikiwezekana ufuatane na mjomba ambaye mama humsikiliza.