Nifanyeje ili programu yangu ya kuhariri sauti itumike na wasioona kwa kisoma skrini?

Mjenzi wa Mawimbi anauliza:

Habari zenu. Ninaandika programu huria ya kuhariri sauti kwa ajili ya Windows. Sehemu yake kubwa, yaani wimbi la sauti, vitelezi na vipimo vya kilele, nimeichora mwenyewe kwa OpenGL, mfumo wa kuchora picha kwenye kioo, kwa kuwa vidhibiti vya kawaida vya mfumo vilikuwa vizito mno kwa faili ndefu. Mtumiaji mmoja asiyeona ameniandikia kwamba akiifungua akiwa na NVDA, kisoma skrini kinachomtamkia yaliyomo dirishani, husikia jina la dirisha, kisha kimya, na kitufe cha Tab hakimpeleki popote. Ninataka jambo hili lirekebishwe kabla ya toleo lijalo. Ninavyoona, ugumu mkubwa uko kwenye wimbi lenyewe: umbo ambalo kazi yake yote ni kutazamwa litaelezwaje kwa maneno? Je, kisoma skrini kitaje vilele na mabonde yake? Na je, inafaa nitengeneze hali maalumu ya wasioona, yenye sauti yake yenyewe ya kuzungumza?

Sikio Kali anajibu:

Ndugu Mjenzi, mimi sioni tangu utotoni, na kuhariri mahojiano ndiyo kazi inayonilisha, kwa hiyo nianze na hilo unaloliona gumu kuliko yote: wimbi liache lilivyo. Anayeona hulitazama ili akisie neno linaanzia wapi, kisha husikiliza ili ahakikishe. Mimi huanza na kusikiliza. Ninachohitaji ni uwezo wa kuweka alama palepale sikio linaposema "hapa", bila kuisimamisha sauti. Katika Audacity, programu huria ya kuhariri sauti, sauti inapoendelea kucheza, kubonyeza mabano mraba ya kufungua huweka mwanzo wa uteuzi mahali sauti ilipofika, na mabano ya kufunga huweka mwisho wake. Kisha herufi C hunisikilizisha yaliyo kabla na yaliyo baada ya uteuzi huku ikikiruka kipande kilichoteuliwa, nikajua mkato utasikikaje kabla sijaukata. Vitufe hivyo vitatu vina thamani kwangu kuliko maelezo yoyote ya umbo la wimbi.

Kidole, hata hivyo, huchelewa kidogo kulifuata sikio, kwa hiyo mpaka uliowekwa wakati sauti inacheza karibu kila mara huwa umepita mahali pake. Hapa ndipo programu nyingi zinapotuangusha. Tupatie njia ya kuusogeza mwanzo peke yake na mwisho peke yake, kwa hatua ambazo mtumiaji anazipanga mwenyewe, tuseme milisekunde kumi au hamsini, na kila hatua isikike: ninaposogeza mwanzo, nichezee kipande kifupi kinachoanzia hapo, ninaposogeza mwisho, nichezee kinachoishia hapo. Uwepo pia ufunguo wa kuupeleka mpaka kwenye nukta ya karibu ambapo wimbi linakata mstari wa sifuri, au basi mkato ufifishwe wenyewe kwa milisekunde chache pande zote mbili, kwa sababu mkato unaoangukia katikati ya wimbi hutoa mlio wa "tik" ambao msikilizaji ataulalamikia.

La pili ni kunyamaza. Kisoma skrini kinieleze yale ambayo sikio haliwezi kuyapata: niko kwenye traki ipi (yaani mkondo upi wa sauti), imezimwa au la, uteuzi una urefu gani, kiwango ni desibeli ngapi, faili imehifadhiwa au bado. Yale ninayoyasikia mwenyewe kisiyaseme. Programu inayotangaza muda kila sekunde huku ninasikiliza pumzi za msemaji haijanisaidia chochote. Imeniongezea msemaji wa pili.

Fundi wa Vidhibiti anajibu:

Nikiongezea upande wa msimbo: kisoma skrini hakiitazami picha iliyo kwenye kioo. Kinauliza mfumo wa uendeshaji kuhusu mti wa vitu vilivyomo dirishani, kila kitu na jina lake, aina yake, thamani yake na hali yake. Katika Windows maswali hayo hupitia UI Automation, au MSAA ambayo ni ya zamani zaidi. Kwenye macOS kuna NSAccessibility, na kwenye Linux kuna AT-SPI. OpenGL huchora nukta za rangi tu na haina lolote la kujibu, ndiyo maana mtumiaji wako amesikia jina la dirisha na hakuna zaidi.

Huna haja ya kuacha kuchora. Kila ulichokichora kipe mwakilishi asiyeonekana ndani ya mti huo. Kitelezi kijitambulishe kuwa kitelezi, kijiite "Kiwango cha traki ya pili", na thamani yake isomeke "desibeli sita chini ya sifuri", si 0.501 kama inavyokaa kwenye kumbukumbu. Wimbi la traki moja liwe kitu kimoja tu. Usijaribu kutoa kitu kwa kila kilele. Ukitumia maktaba ya msimbo iliyokwisha kuifanya kazi hii utapunguza mzigo: Qt inayo kwa miaka mingi, na JUCE, ambayo plagini nyingi za sauti, yaani programu ndogo zinazopachikwa ndani ya programu kubwa, hujengwa juu yake, iliingiza uwezo huu katika toleo la 6.1 mwaka 2021. Plagini nyingine zitabaki zimefungwa hata ufanyeje, kwa kuwa madirisha yake huchorwa na waliozitengeneza. Kwa hizo, ionyeshe orodha ya vigezo ambayo plagini huipa programu mwenyeji, ukiiweka katika vitelezi vya kawaida. Si nzuri kwa kutazama, lakini inafanya kazi.

Hali maalumu ya wasioona siishauri hata kidogo. Hali ya pembeni husahaulika: kipengele kipya huongezwa kwenye skrini kuu, na ile nyingine hubaki nyuma toleo baada ya toleo. Sauti yako ya kuzungumza nayo haitajua kasi ambayo mtumiaji ameizoea, wala haitafika kwenye kifaa cha nukta nundu kilicho chini ya vidole vyake. Ukitaka kutangaza jambo lisilohusu kitu chenye fokasi, yaani kile ambacho kibodi inakielekea kwa wakati huo, kwa mfano "imetenduliwa", tuma taarifa kupitia UI Automation, ambayo tangu toleo la 1709 la Windows 10 la mwaka 2017 ina tukio maalumu kwa kazi hiyo, kisha kisoma skrini kiamue namna ya kuifikisha.

Mchanganyaji anajibu:

Nakubaliana na yote isipokuwa hilo la kunyamaza, ambalo lina mpaka wake. Ninaporekodi, sikio haliniambii kwamba kilele kimegusa desibeli sifuri, kikomo cha juu, mpaka sauti iwe imekwisha kuharibika. Anayeona huangalia taa nyekundu. Mimi nahitaji kipimo kinachonyamaza mpaka kiwango nilichokipanga kivukwe, kisha kinitajie traki na desibeli. OSARA, kiongezi huria kinachoifanya REAPER, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, itumike kwa kisoma skrini, kina kitu cha namna hiyo. Kichunguze kwa makini, maana James Teh aliyekianzisha ni mmoja wa wajenzi wa NVDA yenyewe.

Pia ruhusu kifaa cha kutolea sauti kichaguliwe ndani ya programu, ili sauti inayohaririwa ipite kifaa kimoja na maneno ya kisoma skrini yapite kingine. Baadhi ya viendeshi vya ASIO, vinavyounganisha programu na kifaa cha sauti moja kwa moja, hukishika kifaa chote peke yao, na hapo mtumiaji mwenye kifaa kimoja hubaki bila kisoma skrini, hajui hata jinsi ya kurudi nyuma.

Mjenzi wa Mawimbi anaandika tena:

Nimewaelewa, na hali maalumu nimeifuta kwenye mpango. Nimebaki na maswali mawili. Mtu akishuka kwa mshale kutoka traki moja hadi nyingine, ajulishwe nini na kwa mpangilio gani? Na mimi ninayeona nitajuaje kuwa nimefaulu kabla ya kumsumbua mtu mwingine?

Sikio Kali anajibu:

Jina la traki litangulie, kisha yale tu yasiyo ya kawaida: imezimwa, imechaguliwa, iko tayari kurekodiwa. Traki isiyo na lolote kati ya hayo itajwe jina lake tu. Ninaposhuka kwa haraka kupitia traki ishirini, ninakatiza kila tangazo baada ya neno la kwanza, kwa hiyo ukitanguliza neno "traki" nitasikia "traki, traki, traki". Muda nao uusomeshe kama mtu anavyousema, dakika tatu sekunde kumi na mbili, maana msururu wa sifuri na nukta mbili husomwa tarakimu kwa tarakimu.

Kuhusu kujipima, NVDA ni ya bure, na ina dirisha la kuonyesha kwa maandishi kila inachokitamka, ambalo litakufaa mwanzoni kabla hujaizoea sauti yake. Accessibility Insights ya Microsoft itakuonyesha ule mti ambao Fundi ameueleza. Halafu zima kioo, weka kipanya mbali, fungua rekodi, ondoa kikohozi kilicho katikati ya sentensi, hifadhi faili na ufunge programu. Angalia hasa fokasi inakokwenda pale dirisha dogo linapofungwa na pale traki inapofutwa: irudi ilikotoka, au iende kwa traki jirani, isipotelee hewani. Kasoro hiyo ndiyo ninayokutana nayo mara nyingi kuliko zote, na anayetumia kipanya haioni kamwe.

Ukishamaliza hayo, mwombe yule aliyekuandikia ajaribu toleo la majaribio kabla hujakamilisha mpangilio wa vitufe, kwa sababu baadhi ya michanganyiko utakayoichagua itakuwa imekwisha kushikwa na kisoma skrini chake. NVDA hutumia Insert, na wengine huipangia Caps Lock. Hizo mbili usiziguse, na vingine vyote mpe mtumiaji uwezo wa kuvibadilisha.