MJADALA: Je, hesabu ya Denmark inathibitisha kwamba tulikosea kupiga marufuku mifuko ya plastiki?

Mleta mada:
Wakuu, kila tukizungumzia mifuko ya plastiki, lazima atokee mtu na ile ripoti ya Denmark ya 2018: mfuko wa pamba ya kawaida utumike mara 7,100, na wa pamba ya kilimo hai mara 20,000, ndipo madhara yake yalingane na ya mfuko wa plastiki. Basi, anasema, Kenya ilikosea Agosti 2017 na Tanzania ikakosea Juni 2019. Napinga. Tuiangalie mbinu yenyewe ya kutathmini mzunguko wa maisha ya bidhaa, yaani kuhesabu madhara yake tangu inatengenezwa hadi inakuwa taka.

Walichopima ni kubeba mzigo mmoja wa dukani, lita 22, kilo 12, na taka kushughulikiwa kwa mfumo wa Denmark. Mfuko wa pamba ya kilimo hai ulikuwa na ujazo wa lita 20 tu, kwa hiyo wakahesabu miwili! Lita mbili pungufu zikazaa madhara mara mbili. Halafu, kati ya vigezo vyote, 7,100 imetoka kwenye kile kinachoiumbua pamba zaidi, uharibifu wa tabaka la ozoni. Kwa mabadiliko ya tabianchi peke yake, inashuka hadi 52.

Linaloniuma zaidi ni hili: mifuko inayotupwa ovyo haimo kwenye hesabu. Kwao takataka huchomwa kwenye matanuri, zikatoa umeme na joto. Kwetu mifuko hiyo ilikuwa inaziba mitaro, masika yakija maji yanaingia vyumbani. Machinjioni tumbo la ng'ombe linapasuliwa, linatoka bonge la nailoni. Hilo wameliandika wapi kwenye majedwali yao?

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, kwenye mitaro niko na wewe. Lakini mifuko mbadala tunayouziwa ni polipropilini, nayo ni plastiki vilevile. Wakala wa Mazingira wa Uingereza, 2011, ulisema mfuko wa aina hiyo utumike mara 11 ndipo ulingane na ule mwembamba wa plastiki kwa mabadiliko ya tabianchi. Ya kwetu ukitia viazi kilo tano mshono unaachia kabla hujafika kituoni. NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, yenyewe 2019 ilitangaza kuizuia kwa ubora duni. Nani amekwenda Kariakoo kuhesabu mtu anautumia mara ngapi?

Mchangiaji wa pili:
Hata hiyo 11 inategemea umedhani nini. Wamechukulia mfuko mwembamba unatupwa baada ya safari moja. Ukichukulia kila mfuko mwembamba unatumika tena kuwekea taka nyumbani, 11 inakuwa 26, na ya pamba inatoka 131 hadi 327. Ripoti ileile, mifuko ileile. Ndiyo maana nasema serikali isitunge sheria kwa namba hizi kabla ya kuuliza dhana zake.

Mleta mada:
Hoja ya Kariakoo nimeipokea, na haijibiwi kwa kukisia. Vyuo vyetu viufuate mfuko toka duka la Mangi hadi dampo la Pugu: umebebwa mara ngapi, umechanikia wapi, umeishia mtaroni au kwenye moto wa uani. Marufuku ibaki wakati wanapima. Na kikapu cha ukili kiingizwe, maana hakimo kwenye ripoti yoyote kati ya hizo mbili. Mwenye kujua uzito wake, rangi inayotumika na kinadumu miaka mingapi, aweke hapa.