Re: Vyumba vya kupangisha Nyegezi, niingie na wenzangu au nipambane peke yangu?

Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Niko Columbus, Ohio, mwaka wa saba sasa, napiga kazi ghalani usiku, nimejichangachanga nimefika kama milioni 35 za nyumbani. Kuna pagale linauzwa Nyegezi upande wa kwenda Malimbe, karibu na chuo cha SAUT, limefika lenta, dalali anasema likimaliziwa zinatoka selfu sita, yaani vyumba vyenye choo na bafu ndani. Muuzaji anataka milioni 38, na fundi kapiga hesabu ya kumalizia milioni 40. Binamu yangu yuko hapohapo Mwanza, na mshkaji wangu yuko Toronto, wanataka tuingie watatu sawa kwa sawa. Wife anasema achana nao, jenga mwenyewe polepole. Mliopitia haya mnasemaje?

---

Marahaba mdogo wangu. Mi mtu wa Pasiansi ila nipo Leicester huku, na ngoja nikusimulie yangu kwanza maana hilo swali lako nililiuliza 2014, tena kwa bahati mbaya nililiuliza baada ya kutoa hela.

Tulikuwa watatu kama nyie. Mi huku, mwenzetu mmoja Norway, na wa tatu alikuwa hapohapo Mwanza, rafiki wa tangu tunapanda daladala moja kwenda shule. Tukanunua Buswelu, kipindi kile Ilemela imeshakuwa manispaa na kila mtu anakimbilia huko. Karatasi zote zikaandikwa jina la yule wa Mwanza, kwa sababu gani, kwa sababu ndo alikuwa karibu na ofisi, basi. Hatukuandikishana chochote, nani amwandikishe rafiki yake? Na niseme ukweli wa Mungu marehemu hakutudhulumu hata shilingi, kila miezi mitatu kodi inaingia, risiti za mabati na rangi anatupigia picha, mpaka bei ya kitasa unaiona.

2019 akafariki, presha, wiki moja tu. Na hapo ndo tukajua kwamba hajawahi kumwambia mtu kwao kuwa ile nyumba ni ya watu watatu. Mkewe alikuwa anajua kuna "wenzake wa Ulaya" lakini nani na kiasi gani hajui. Kikao cha ukoo kikakaa, msimamizi wa mirathi akateuliwa, akathibitishwa mahakama ya mwanzo, na nyumba ikaorodheshwa kwenye mali za marehemu, ungetegemea nini wakati jina ni lake? Sisi tumeshika nini mkononi? Meseji za WhatsApp na stakabadhi za kutuma hela zilizoandikwa "matumizi ya nyumbani". Mdogo wake marehemu akatuuliza kwa upole kabisa, kama hela ilikuwa ya nyumba kwa nini mliandika matumizi? Sikuwa na jibu. Imetuchukua miaka miwili na nusu na nauli za ndege mbili, mwisho tukauza, tukagawana kwa huruma ya mjane, na nilichopata hakifiki nilichoweka.

Kwa iyo mi sikwambii usiingie na patna. Nakwambia kabla hujauliza tutagawanaje kodi, uliza mmoja akifa, akifulia, au akitaka hela yake wakati nyie hamna ya kumpa, anatokaje. Jibu liandikwe, wakili aone, na liwe kwenye hati yenyewe sio kwenye simu. Sheria ya Ardhi ya 1999 inawatambua wamiliki zaidi ya mmoja kwa namna mbili. Kuna ile ya pamoja kabisa ambayo mmoja akifa sehemu yake inabaki kwa aliyebaki, hiyo ni ya watu kama mke na mume, na kuna ya hisa, kila mtu na fungu lake na akifa linaenda kwa warithi wake. Nyie mnataka hiyo ya pili, majina matatu, mafungu matatu.

Sasa huyo wa Toronto, ana pasipoti gani? Usione aibu kumuuliza. Mtu mzima akichukua uraia wa kwingine, wetu anaupoteza, na asiye raia kwa hiyo Sheria ya Ardhi hapewi ardhi ila ya uwekezaji, kwa utaratibu wake. Kama keshaapa Kanada, aende kwanza akaulize hiyo hadhi maalum ya diaspora, ya wenye asili ya Tanzania walio raia wa kwingine, inampa nini kwenye ardhi, kabla hajatoa hata senti. Na mkisema basi tufungue kampuni BRELA, kwa wasajili wa kampuni, sawa, ila kampuni ambayo wenye hisa wengi sio raia nayo inahesabika sio raia. Leo yeye mmoja kati ya watatu hamna shida. Na wewe mwaka wa saba hapo Ohio, mwakani ukinyoosha mkono kula kiapo mnakuwa wawili!

Hesabu nayo umeipiga? 38 na 40 ni 78, ila fundi akikwambia 40 wewe weka 52, kwa iyo 90. Selfu sita tuseme 120,000 kila moja, ni 720,000 kwa mwezi. Wapangaji wako wanafunzi, likizo ndefu vyumba vinalala, hesabu miezi kumi tu, 7,200,000 kwa mwaka. Gawa kwa tatu, 2,400,000 kila mtu, na kila mtu kaweka milioni 30. Miaka kumi na mbili na nusu hela irudi, na hapo hujamlipa dalali mwezi wake kila mpangaji mpya akiingia, hujaziba choo, hujalipa asilimia 10 ya pango inayoenda TRA, mamlaka ya mapato. Kodi ya jengo ndo kitu kidogo, 1,500 kwa mwezi inakatwa kwenye luku ukinunua umeme. Bado sio mbaya, nyumba inapanda thamani, ila asije mtu akakuambia utaacha kazi ya usiku.

---

Mi naomba nimpinge kidogo kaka wa Leicester, pole sana lakini kwa yaliyokukuta. Mi na dada zangu wawili tuna fremu nne za maduka Igoma mwaka wa nane huu hatujawahi kununiana, na siri ni moja tu: yule aliye nyumbani analipwa. Anayehangaika na mafundi, anayekimbizana na mpangaji anayesema njoo mwisho wa mwezi, huyo anafanya kazi, mlipeni mshahara mbali na fungu lake. Binamu yako atawekaje milioni 30 sawa na nyie halafu asimamie bure miaka kumi? Ataanza kujilipa kimyakimya kwenye simenti na utamwita mwizi wakati mlimtengeneza wenyewe.

Halafu hilo pagale lenyewe mbona hamliulizi? Kwanza muuzaji ana mke? Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza, iko kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971, mama akijitokeza baadae kazi unayo. Pili, upande ule kuna viwanja vinashuka mpaka ziwani, na sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa maji, binamu aende na tepu akapime asiangalie kwa macho, maana ziwa lilivyopanda 2020 kuna watu maji yaliwafuata mpaka barazani. Na kama ni juu mlimani kwenye mawe, jua kila tofali na kila ndoo ya mchanga inapandishwa kichwani, hapo milioni 40 ya fundi ni ndoto. Na mwambie mkeo namsalimia, ana akili.

---

Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili nikiwa breki. Nimemuuliza wa Toronto, kakaa kimya siku nzima halafu kanitumia voisi ndeefu, kumbe aliapa mwaka jana na hakumwambia hata mama yake. Kasema atanikopesha tu, nimemwambia hilo nalo tuliandike. Binamu kauliza hati kwa dalali, kaambiwa ni karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa, hati "inashughulikiwa". Kiwanja hakishuki ziwani, kiko juu, kwenye mawe. Binamu Jumatatu anaenda ofisi ya ardhi kuuliza kama kimepimwa, na dalali kaanza kunipigia kila asubuhi ya huko, ambayo huku kwangu ni saa nane usiku, anasema kuna mteja mwingine kaja na kesh. Nimemwambia amuuzie.