Stuli ya mama lishe: MDF, plaiwudi, mbao au skwea paipu?

dogo_dizaini: Wakuu shikamooni. Projekti yetu ya chuo mwaka huu ni stuli, mi nimemchagua mama lishe mmoja maeneo ya Feri, pale kando ya bahari, stuli zake zinakaa nje kutwa, jioni anazimwagia maji na sabuni, usiku anazipanga moja juu ya nyingine. Mi moyo uko kwenye MDF maana uso wake laini, haina fundo, na rangi inakaa vizuri. Mnasemaje?

fundi_keko: Marahaba. MDF toa kabisa dogo. Ile ni nyuzi za mbao zimeshindiliwa na gundi, ikinywa maji inavimba na hairudi, na hata uipige rangi koti tatu maji yatapita kwenye matundu ya skrubu. Hiyo ya kabati la ndani.

dada_skecha: Naungana na fundi. Plaiwudi ina nafuu, tabaka zake zimelazwa kwa kupishana, uzi wa hii unakatiza uzi wa ile, ndo maana haipindi ovyo kama ubao mmoja. Ila uliza gundi yake, ya kawaida ikilowa kila siku tabaka zinaachana, itabidi marine, ile ya gundi isiyoachia kwenye maji, na bei yake imechangamka.

mchomeleaji: Fremu piga skwea paipu, yaani bomba la chuma la pembe nne, inchi moja inatosha. Iko wazi katikati, chuma chote kiko pembeni ambako ndo kunazuia kupinda, so inakuwa ngumu bila uzito wa nondo. Adui yako pale ni chumvi ya bahari. Ziba ncha za miguu, la sivyo kutu inaanzia ndani na huioni mpaka mguu ukatike mtu amekalia. Ukichukua galvanaizi, yaani paipu iliyopakwa zinki, zinki inaliwa kwanza chuma kinabaki, ila ukichomelea inaungua pale kwenye maungio, moshi wake unaleta homa kabisa, fanyia nje penye upepo halafu upake rangi ya zinki.

dogo_dizaini: Asanteni sana. Na miguu mitatu je? Pale chini hapako sawa.

fundi_keko: Mitatu haiyumbi hata kwenye mashimo, kweli, ila mteja akiegemea upande usio na mguu anaenda chini na sahani yake. Weka minne, itanuke kidogo chini, hapo hata kupangana zitapangana. Juu weka vipande vya msonobari wa dawa, yaani uliotiwa dawa ya kuzuia kuoza, acha nafasi kama milimita 5 kati yao, mbao inavimba kwa upana sio kwa urefu na maji yatapata pa kupita.

dada_skecha: Dogo, huyo mama umeshamuuliza anabeba ngapi kwa mkupuo?

dogo_dizaini: Hapana dada, nilipiga picha tu. Kesho naenda na mizani na futi, nipime na ile ndoo anayokalia yeye mwenyewe akikaanga samaki.