Medali za babu wa Vita vya Kagera: zitundikweje?

Mjukuu_Temeke: Wakuu, babu alipigana Kagera 1978–79. Tuna medali mbili na picha yake. Tunataka fremu kabla ya Siku ya Mashujaa, 25 Julai. Fundi anasema atazibandika kwa gundi. Ni sawa?

FundiFremu: Mkatalie. Gundi inaharibu utepe, na kwa joto la Dar inalegea, medali inadondokea chini ya kioo. Shona utepe kwa uzi wa pamba, mishono michache pindo la juu tu, kwenye kitambaa cha pamba. Fremu iwe na kina cha sentimita 3 hivi. Picha ikigusa kioo, unyevu unaigandisha. Kuibandua ndiyo kuichana.

Mzee_Kipara: Na msizisugue kwa Brasso, ile dawa ya kung'arisha shaba, jamani! Kama ukingoni kuna jina au namba, inafutika taratibu. Kitambaa kikavu kinatosha. Picha iskaniwe dpi 600 (nukta 600 kwa inchi), tundikeni nakala. Ukuta usipigwe na jua, utepe utapauka.

Mjukuu_Temeke: Shukrani. Na sare? Kaka anataka kuivaa siku hiyo.

Mzee_Kipara: Thubutu! Raia kuvaa sare ya JWTZ ni kosa kisheria, hata kama ni ya babu.