Tupeane uzoefu: nyumba zimejaa, barabara, shule na maji vimebaki nyuma

Mleta uzi:
Wakuu, habari za leo. Naomba uzi huu uwe wa kupeana uzoefu kwa sisi tunaoishi, au tuliowahi kuishi, kwenye maeneo mapya ambako watu walifika na huduma zikachelewa. Naanza na yangu.

Nilihamia tukiwa kaya kumi na moja. Maji yalitoka usiku na mchana, ukifungua bomba la uani ndoo inajaa kabla hujageuka. Aliyetuuzia viwanja alitupa mchoro: katikati barabara ya mita 20, kando yake eneo la shule limepakwa rangi ya njano. Mchoro ule ninao mpaka leo, umekunjwa mara nne na mikunjo imeanza kuchanika. Sasa tumepita kaya 300. Barabara imebaki upana wa magari mawili kupishana kwa tabu, maana kila aliyejenga ukuta alisogea kidogo. Juu ya ile njano zimesimama nyumba sita. Maji naamka saa nane usiku kukinga.

Sichukii eneo kukua, majirani niliwataka. Kinachoniuma ni kwamba huwezi kutaja siku ambayo mambo yaliharibika. Kila nyumba ilipojengwa ilikuwa moja tu, na moja haijazi barabara wala haimalizi maji. Wenzangu mliona nini? Na kama kuna mahali mlifanikiwa kuziba pengo, hao ndio nawasubiri zaidi.

Fundi Bomba:
Mkuu, hilo la maji nalijua kwa mikono yangu. Kuna laini niliilaza ya inchi mbili, hesabu ilikuwa kaya 30. Kila mwaka nikaitwa kuunga wengine, na kila anayeomba ana haki sawa na aliyetangulia. Siku moja nikafunga geji ya kupima presha mwisho wa laini. Saa kumi na mbili asubuhi mshale ulilala kwenye sifuri, saa tisa usiku ukapanda. Yaani maji yalikuwepo, ila bomba lilikuwa dogo kwa watu wanaooga na kupika saa ileile. Na kila mita 10 za mwinuko zinakula presha ya takriban ba moja (ba ni kipimo cha presha), kwa hiyo wa kilimani ndio hukosa kwanza, hata kama alihamia wa kwanza.

Baada ya hapo balaa likaongezeka. Mmoja alinunua pampu akaifunga moja kwa moja kwenye laini. Jirani yake akaona bomba lake linavuta hewa, naye akanunua. Pampu zikinyonya laini tupu, bomba lenye ufa chini ya ardhi linavuta maji ya tope yaliyolizunguka, na hayo ndiyo yanayoingia jikoni. Tafadhali, msifunge pampu kwenye laini ya pamoja. Vuta kutoka kwenye tenki lako.

Jambo ambalo wengi hawalijui: kipenyo cha bomba kikiwa mara mbili, nafasi ya ndani inakuwa mara nne, na kwa kuwa msuguano unapungua, maji yanayopita kwa msukumo uleule yanazidi hata mara tano. Wakati huohuo jasho la kuchimba mtaro ni karibu lilelile. Kwa hiyo bomba la miaka 20 ijayo lilazwe siku ya kwanza. Nimechimba mtaro mmoja mara tatu katika maisha yangu, na mara ya tatu tulikuwa tunavunja barabara ya watu.

Mwalimu wa Zamu ya Mchana:
Mimi naongelea shule. Wanaohamia nyumba mpya wengi ni wazazi vijana, kwa hiyo watoto hawaji kidogokidogo, wanakuja kama wimbi. Mwaka wa kwanza darasa la kwanza lilijaa, la juu lina nafasi. Tukaambiwa kwa wastani shule inatosha. Wastani haukai kwenye dawati. Niliketisha watoto wanne kwenye dawati la wawili, wa pembeni wanaandika daftari likiwa pajani, na mwandiko wao nilikuwa nautambua kwa jinsi ulivyokuwa unapanda juu upande mmoja.

Tukaingia zamu mbili, asubuhi na mchana. Lakini kilichonivunja moyo ni vyoo. Mapumziko ya dakika ishirini, foleni haiishi, kengele inalia wadogo bado wamesimama. Mtoto mmoja wa kike aliacha kunywa maji shuleni ili asihitaji kwenda. Niligundua kwa sababu alikuwa analalamika kichwa kila mchana.

Wimbi hilo baada ya miaka kadhaa linahamia sekondari, na madarasa ya wadogo yanapungua watu. Wanaopanga wakumbuke hilo. Muhimu kwanza ni kiwanja kikubwa, na msingi unaoweza kubeba ghorofa. Darasa utaongeza, ardhi ikishauzwa huipati tena.

Mama wa Kona ya Mwisho:
Kwetu njia ya kuingia ni moja tu. Nyumba ya jirani ilishika moto, gari la zimamoto likaja mapema kabisa, likakwama kwenye kona kati ya kuta mbili. Tuliliona taa zake zinazunguka. Mpira haukufika. Watu walitoka salama, nyumba haikubaki kitu. Tangu siku ile nikipita sehemu mpya naangalia kwanza zina midomo mingapi ya kutokea.

Mchora Ramani:
Nimefanya kazi ya mipango miji mpaka nimestaafu, na huzuni ya mleta uzi ndiyo niliyokuwa nikikutana nayo mezani. Maombi huja moja moja, na kwa kila moja mwombaji anakuambia, kwa haki, kwamba yeye si tatizo.

Kuna waliojaribu kulitatua kwa sheria. Mji wa Ramapo, jimbo la New York kule Marekani, mwaka 1969 ulitunga sheria ndogo: hupati kibali cha eneo la nyumba mpaka ufikishe alama 15, zinazohesabiwa kwa ukaribu wa majitaka, mitaro ya mvua, shule na viwanja vya michezo, barabara, na kituo cha zimamoto. Mwenye haraka aliruhusiwa kuzijenga mwenyewe ili apate alama. Wenye ardhi wakashtaki, na mwaka 1972 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikaupa mji haki. Nguvu ya mji ilikuwa nini? Haukusema tu "subirini". Ulikuwa na mpango wa miaka 18 unaoonyesha kila eneo litafikiwa lini.

Florida, jimbo jingine la Marekani, wao walitaka huduma ziende sambamba na ujenzi, kwa sheria ya mwaka 1985: kibali hakitoki kama huduma haitoshi. Kwenye barabara ikawaletea jambo wasilolitaka: mjini barabara zilishajaa, wajenzi wakakimbilia pembezoni ambako bado kuna nafasi, makazi yakazidi kutawanyika. Mwaka 2011 jimbo likaacha kulazimisha sharti hilo kwa barabara na shule, kwa maji ya kunywa na majitaka likabaki. Mimi naona walifanya sawa kuyabakiza maji. Foleni ya magari mtu anaivumilia, bomba kavu hapana. Jimbo la Arizona walikwenda mbali zaidi: tangu sheria yao ya maji ya ardhini ya mwaka 1980, kwenye maeneo ambako matumizi ya maji hayo yanasimamiwa, anayegawa viwanja lazima athibitishe kuna maji ya miaka 100.

Kazini kwangu kilichosaidia kilikuwa kidogo tu. Ahadi tuliacha kuifunga kwenye mwaka, tukaifunga kwenye idadi ya nyumba. "Barabara itajengwa mwaka wa tatu" haikuwahi kutimia. "Nyumba ya 51 haihamiwi mpaka tenki liwe limejaa maji" ilitimia, kwa sababu mjenzi mwenyewe alihitaji kuuza ile ya 51. Na eneo la shule lilikabidhiwa kwa hati kabla kiwanja cha kwanza hakijauzwa. Rangi kwenye mchoro hailindi ardhi, mkuu. Hati ndiyo inailinda.

Mleta uzi:
Mzee wangu, nakushukuru sana, nimesoma mara mbili. Sasa sisi ambao viwanja vilishauzwa na kuta zimesimama, tunashika wapi?

Jirani wa Mtaro:
Nikujibu mimi, maana sisi tulianzia hapo mlipo. Tulipima barabara kwa futi kamba kutoka ukuta hadi ukuta, hatua kwa hatua, tukaandika kila kipimo kwenye daftari mbele ya wenye nyumba. Bila hivyo kila mtu anaamini aliyesogea ni mwenzake. Pembamba kabisa ilikuwa mita nne na nusu. Tukakubaliana kila upande urudi mpaka tupate nane, na ambaye ukuta wake unavunjwa, wote tunachangia kuujenga upya. Ni kanuni ileile ya kupanga upya ardhi wanayoitumia Japani, kila mwenye kiwanja anatoa kipande ili kilichobaki kiwe na barabara na thamani. Walipanga upya sehemu kubwa ya Tokyo hivyo baada ya tetemeko la mwaka 1923.

Ilituchukua mwaka na miezi. Wawili walikataa mpaka wagonjwa wao walipobebwa kwenye kiti hadi barabara kuu. Tulianza na ukuta wa katibu wetu, tukaubomoa siku ya mapumziko watu wote wakiona, na wiki iliyofuata ukawa umejengwa upya kwa michango. Baada ya hapo kazi ilikwenda. Mtaro wa mvua tuliupitisha hukohuko, kwa sababu mapaa na sakafu za nje zimezuia maji kunywewa na ardhi, na yote yalikuwa yanamiminika kwa wa chini.

Shule hatujapata. Bado tunaandika barua.

Fundi Bomba:
Naongeza moja kwa mleta uzi, kabla hamjaweka kifusi wala lami. Kila mita hamsini lazeni bomba tupu kukatisha barabara, pana kiasi cha kupitisha bomba la maji ndani yake, mzibe ncha zote mbili udongo usiingie. Atakayeunganisha maji mwaka ujao atapita humo, barabara haiguswi. Na kwenye ukuta unaotazamana na kila bomba chorea alama ya rangi pamoja na kina chake, vinginevyo miaka mitano mbele hakuna atakayekumbuka lilipo.