Nane Nane ya King Majuto: gumzo la kikundi cha ukoo

Mama Zuu: 📹 Jamani, nimekutana na kipande hiki cha yule mchekeshaji wetu King Majuto. Nimecheka mpaka wapangaji wamekuja kuchungulia, kisha machozi yakanitoka.

Mjomba Tanga: Innalillahi wainna ilayhi rajiun! Majuto katutoka? Lini?

Zuu: Mjomba, ni tangu 2018 😂😂

Mjomba Tanga: Sasa si mseme! Nishaanza kutafuta kanzu.

Baba Mdogo: Leo ndo tarehe yenyewe. 8 Agosti, sikukuu ya wakulima kama leo, pale Muhimbili. Nilikuwa kwenye basi natoka maonyeshoni Morogoro, simu za abiria zikaanza kulia kwa mpigo. Kondakta akazima muziki, wala hakuambiwa.

Shangazi Tabata: Jina lake halisi Amri Athumani. Allah amrehemu.

Kaka Hemedi: Mimi namjua kwa stika za WhatsApp tu. Kwani alikuwa anachekesha nini hasa?

Mama Zuu: 🙆🏾‍♀️ Huyu mtoto kazaliwa lini?

Shangazi Tabata: Hemedi, kaa nikwambie. Mtaa mzima deki ya video ilikuwa moja, kwa mama mmoja muuza barafu za ubuyu. Ukinunua barafu unakaa mkekani, huna hela unang'ang'ania dirishani. Mkanda umekodishwa mpaka picha ina michirizi. Sasa Majuto anatoka mlangoni, anamkuta mtu kaja kumdai. Hasemi kitu. Anamtazama yule mtu, anautazama mlango, anameza mate. Basi! Hapo watu wako chini, barafu zimewamwagikia. Neno hajatamka bado.

Mama Zuu: Na akishatamka sasa! Ule uongo wake ulikuwa wa wazee wetu wa barazani kabisa. Hakuwa anaigiza mtu wa mbali.

Mjomba Tanga: Watu wa Tanga hatusemi uongo. Tunapamba.

Wifi Nairobi: Poleni jamani. Huku tulilia hivyo Julai 2015, Mzee Ojwang wa Vitimbi, kile kichekesho cha TV. Jina lake halisi Benson Wanjau. Mnajua alikuwa Mkikuyu?

Baba Mdogo: Acha! Na kile Kiswahili cha Kijaluo?

Wifi Nairobi: Kuigiza tu. Baba yangu ni Mjaluo wa Kisumu, alikataa katakata. Tulimsomea gazeti jina lote, akasema "hao wanaandika tu, Ojwang ni wetu." Mpaka leo hajakubali 😅

Babu Pangani: Nyinyi mna bahati, mliziona sura zao. Sisi wachekeshaji wetu Pwagu na Pwaguzi tuliwasikia redioni tu, RTD. Kila mtu kijijini alikuwa na Pwagu wake kichwani.

Zuu: Kwangu mimi ni Kanumba, yule mwigizaji wa filamu. Aprili 2012. Darasa zima lililia, mwalimu akatuacha.

Shangazi Tabata: Mwaka uliotumaliza ni 2014. Mwezi wa tano peke yake watu wa filamu watatu: Kuambiana, Rachel Haule, George Tyson. Tarehe 7 mwezi wa sita mchekeshaji Mzee Small. Ikafika mahali simu ikiita usiku sipokei. Majuto ni wenu, lakini Small alikuwa wangu. Kimtu kifupi, mwigizaji mwenzake Bi Chau akimpandishia sauti naye anapanda juu zaidi, unaogopa atapasuka. Kiharusi kilimlaza muda mrefu, sisi tuko bize na wapya.

Kaka Hemedi: Ila walikufa matajiri, si ndiyo?

Baba Mdogo: Utajiri wapi! Majuto aliugua mpaka akapelekwa India. Ndipo Mwakyembe, waziri wa sanaa wa wakati huo, akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Filamu na matangazo yake viko kila kona, mwenyewe yuko kitandani.

Wifi Nairobi: Na Ojwang macho yalimsumbua, Wakenya tukachanga. Mtu amechekesha nchi miaka yote hiyo.

Mama Zuu: Nani alikuwa ananunua CD halali hapa? Semeni ukweli. Stendi pale za kurudufu zilijaa, diski moja filamu kumi.

Mjomba Tanga: Kuna mtu humu alikuwa na kibanda chake kabisa, anarudufu usiku kucha. Simtaji.

Zuu: Baba Mdogo kimya ghafla 👀

Baba Mdogo: Ada yako ya kidato cha kwanza ilitoka wapi, Zuu?

Zuu: 🤐

Shangazi Tabata: Hahahaaa! Mungu anakuona.

Babu Pangani: Hemedi, ukija Idi niletee za Majuto kwenye flashi. Nyingi. Ile runinga inasoma flashi, na usiku silali siku hizi.

Kaka Hemedi: Sawa babu. Nitaanza kuziangalia mimi kwanza.

Dada Mkubwa (Mweka Hazina): Kwa kuwa mmeshafika kwenye kuchanga, harusi ni tarehe 20 na nusu ya kikundi hiki hamjatuma. Naweka majina sasa hivi. Namba moja Mjomba Tanga.

Mjomba Tanga: Halo? Mtandao huku unakatakata sana.